NUSU DOZI SI SADAKA




Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu. Isome kwa utulivu baada ya Isha. Ila kama una mgonjwa nyumbani na kidonge kiko mkononi unajiuliza umpe au usimpe, basi isome sasa hivi.

Wiki hii dada mmoja ameniandikia, Allah amlipe kheri kwa kuuliza. Anasema mume wake aliandikiwa Augmentin, akapata nafuu siku ya tatu, akaacha. Vikabaki vidonge sita. Jirani yake jino linamuuma na hana uwezo wa kwenda hospitali, basi amempa vile vidonge sita kwa ajili ya Allah. Swali lake: je, hii imehesabiwa sadaka?

Dada yangu, nia yako Allah anaijua, na sisi hatumpangii Allah malipo ya waja wake. Lakini umeniuliza juu ya kitendo, nami nakujibu juu ya kitendo. Kumpa mtu antibaiotiki iliyobaki SI SADAKA. Sadaka ni kumpa mwenzako kitu kinachomfaa. Hapo mume wako amepunjwa dozi yake, jirani yako amepewa dozi isiyo yake, na jino bado limeoza pale pale.

Najua wengine mtasema, Sheikh, wewe kazi yako ni mimbari, mambo ya vidonge waachie madaktari. Hilo ndilo ninalolitaka! Nataka yaachwe kwa madaktari. Lakini hamyaachi. Kila nikifungua simu baada ya Alfajiri nakuta picha za vidonge, "Sheikh hii ni ya nini?", "Sheikh nimpe mtoto nusu?" Sasa ikiwa mnaniuliza mimi, niacheni niseme kile ambacho mtu yeyote aliyesoma karatasi iliyomo ndani ya boksi anaweza kukisema, na kile ambacho dini yetu inakisema. Zaidi ya hapo ni kwa tabibu.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani. Augmentin ni jina la kibiashara, na ziko nyingine nyingi zenye majina tofauti zilizo na dawa ile ile. Ndani ya kidonge hicho kimoja kuna dawa mbili. Ya kwanza ni amoksilini, hii mnaijua wote, ndiyo inayoua bakteria. Ya pili inaitwa asidi ya klavulani. Hii peke yake haina nguvu ya maana ya kuua. Kazi yake ni kumlinda mwenzake. Kuna bakteria waliojifunza kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Asidi ya klavulani inakikamata kile kimeng'enya, amoksilini inapita. Ni kama watu wawili wanaokwenda kumkamata mwizi, mmoja anamshika mikono na mwingine anamfunga kamba. Subhanallah, akili hiyo Allah amewapa waja wake.

Kwa hiyo unapoona kwenye boksi imeandikwa 625, maana yake ni miligramu 500 za amoksilini na 125 za asidi ya klavulani. Ile ya gramu 1 ni 875 na 125. Ile ndogo ya 375 ni 250 na 125. Umeiona hesabu hiyo? Namba ya pili haibadiliki. Sasa kuna mtu ameandikiwa 625, dukani haipo, akauziwa za 375 akaambiwa "meza mbili mbili, ni zaidi ya ile". Mbili za 375 zinampa amoksilini 500 sawa, lakini asidi ya klavulani inakuwa 250, mara mbili ya alichoandikiwa, na hiyo ndiyo inayovuruga tumbo zaidi. Na anayekata kidonge cha gramu 1 katikati akidhani amepata 625, naye hajapata. Amepata takribani 437 na 62. Hesabu ya dawa hii haifuati hesabu ya sokoni. Ukikosa uliyoandikiwa, rudi kwa aliyekuandikia au muulize mfamasia, usijumlishe na kutoa mwenyewe.

Turudi kwenye vile vidonge sita.

Kuna hadithi mashuhuri, imo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) akimlalamikia tumbo la ndugu yake. Akaelekezwa ampe asali. Akampa, akarudi akasema hali imezidi. Akaambiwa ampe tena. Akarudi tena, akaambiwa ampe tena, mpaka yule mgonjwa akapona. Ibnul Qayyim (Allah amrehemu) katika Zaad al-Ma'ad ameizungumza hadithi hii, akaeleza kwamba dawa inatakiwa iwe na kiasi na marudio yanayolingana na ugonjwa: ikipungua haiuondoi, na ikizidi inaleta madhara mengine. Mwanachuoni huyu ni wa karne ya 8 Hijria, ndugu zangu! Hakuwa na maabara. Na leo mtu ana simu ya kisasa mfukoni, hajui kwamba kidonge kina kiasi. (Na kwa kuwa nimeitaja asali: mtoto ambaye hajafika mwaka 1 asipewe asali, madaktari wanaikataza kwa sababu inaweza kumletea sumu ya aina ya bakteria ambayo tumbo lake bado haliwezi kupambana nayo. Wengi hawalijui hili.)

Mgonjwa anapokunywa kiasi pungufu, wale bakteria dhaifu ndio wanaokufa kwanza. Wanaobaki ni wale wanaoweza kuvumilia, na hao ndio wanaozaana. Huu ndio unaoitwa usugu wa dawa. Mwenyewe utajiona umepata nafuu, homa imeshuka, unakula. Kumbe umewachuja, umewaua wanyonge na kuwaachia nyumba wenye nguvu. Na bakteria hawa hawaishii kwako. Unampa mkeo, unampa mtoto anayelala kitanda kimoja nawe, unampa mzee aliyekuja kukutembelea.

Hili halikugunduliwa jana. Alexander Fleming, yule Mskoti aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimama kwenye hotuba yake akaonya juu ya siku ambayo mtu yeyote ataweza kuinunua dukani. Akatoa mfano wa mtu anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo isiyotosha kuwaua vijidudu, ila inatosha kuwafundisha kuizoea, kisha anamwambukiza mke wake, na mke anatibiwa kwa penisilini ile ile haisaidii, anakufa. Akauliza ni nani aliyesababisha kifo chake. Hayo aliyasema kabla baba zetu wengi hawajazaliwa. Siku aliyoionya ndiyo tunayoishi mimi na wewe. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet yanasema mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na bara letu la Afrika lilikuwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Sasa upande wa sheria. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kwamba mwenye kutibu watu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu ya tiba, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Wanachuoni wa fiqhi wamelijengea mlango mzima jambo hili. Dada yangu, ndugu yangu, ukimwambia jirani "meza hii, mume wangu ilimsaidia", tayari umeshakaa kwenye kiti cha tabibu. Umepima ugonjwa kwa macho, umechagua dawa, umekadiria dozi. Ikimdhuru utasema nilikuwa nasaidia tu?

Na ipo hadithi nyingine, ya yule mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia huna ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwakasirikia sana wale waliojibu pasina elimu, wakati wangeweza kuuliza. Hao walikuwa watu wema, na hawakumtakia mwenzao mabaya. Mimi nikikujibu kwenye inbox "mpe tu nusu asubuhi na nusu jioni", nitakuwa na tofauti gani nao? Ndiyo maana huwa sijibu, na wengine mnanuna.

Madhara yenyewe si ya kufikirika. Ngoja nikwambie kubwa kuliko yote: MZIO, wengine mnaita aleji. Amoksilini ni mtoto wa ukoo wa penisilini. Mtu mwenye mzio wa penisilini akimeza Augmentin anaweza kuvimba midomo na ulimi, kifua kikabana, presha ikashuka, akafa ndani ya muda mfupi. Tatizo letu ni kwamba mtu anakwambia "mimi penisilini inanidhuru", halafu anakunywa Ampiclox. Ampiclox nayo ni ya ukoo huo huo! Ni ampisilini na kloksasilini. Amoksilini ni ukoo huo. Majina yanatofautiana kama watoto wa baba mmoja mama mbalimbali, lakini nasaba ni moja. Kwa hiyo ukiulizwa na daktari kama una mzio, usitaje jina moja tu ukanyamaza. Sema: nilikunywa dawa fulani, nikatokwa na vipele, au nilivimba, au nilizimia. Yeye ndiye atakayejua nasaba.

Jirani yako mwenye jino, ulimuuliza hilo kabla ya kumpa?

Ulimuuliza kama aliwahi kugeuka macho kuwa ya njano baada ya kutumia dawa hii? Kwa sababu aliyewahi kupata manjano kwa dawa hii haruhusiwi kuirudia. Ulimuuliza kuhusu figo? Mwenye figo dhaifu anapunguziwa dozi na daktari. Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, wafarini? Ikikutana na hii, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Anatumia methotreksati kwa ajili ya viungo au saratani? Antibaiotiki hii inaweza kuifanya ikae mwilini zaidi na kumdhuru. Na kama ni mama, ana mimba? Ananyonyesha? Haya ndiyo maswali ambayo daktari anauliza wakati wewe umekaa kwenye benchi unalalamika kwamba anachelewesha foleni.

Na jino lenyewe! Jino lililooza halitibiwi kwa vidonge. Maumivu mengi ya jino yanataka mkono wa daktari wa meno: kusafisha, kuziba au kung'oa. Antibaiotiki inaingia pale yanapokuwepo maambukizi yaliyosambaa, uvimbe na homa, tena pamoja na hiyo kazi ya mkono, si badala yake. Vivyo hivyo mafua. Mafua na kikohozi kingi cha kawaida, na koo nyingi zinazowasha, vinaletwa na virusi. Dawa hii haiui virusi hata ukimeza boksi zima. Mtoto anapona baada ya siku 5 kwa sababu angepona tu, wewe unaisifu dawa, na mara nyingine unaikimbilia tena. Habasoda, asali kwa mkubwa, maji ya uvuguvugu, kupumzika, dua: hivyo vinatosha kwa mafua. Ila vikifika mahali mtoto anapumua kwa shida, mbavu zinaingia ndani, hanyonyi, usikae na habasoda nyumbani. Nenda hospitali usiku huo huo.

Haya, tuseme umeandikiwa kihalali, kwa cheti, baada ya kupimwa. Sasa uitumie vipi?

Kibahasha kimeandikwa 1x3. Watu wengi wanasoma hapo "kimoja, mara tatu, nikiwa macho". Anameza saa 2 asubuhi na chai, saa 7 mchana, saa 1 jioni, halafu analala. Kumbe maana yake ni kila baada ya SAA 8. Kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kikiandikwa 1x2 ni kila baada ya SAA 12. Sababu ni kwamba amoksilini haikai mwilini. Kwa mtu mwenye figo nzima, nusu ya iliyomo kwenye damu inaondoka ndani ya kama saa 1 hadi saa 1 na nusu. Ukiacha pengo refu, bakteria wanapumua. Sisi tunaolipanga jua kwa ajili ya swala tano, kweli tunashindwa kupanga nyakati tatu za dawa?

Meza mwanzo wa chakula. Siyo njaa tupu, na siyo saa mbili baada ya kula. Ukiimeza unapoanza kula, asidi ya klavulani inafyonzwa vizuri na tumbo halichafuki sana. Ukisahau dozi, imeze ukikumbuka. Kama ya pili imeshakaribia, iache hiyo uliyosahau uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja kulipa deni. Hakuna kadha ya vidonge.

Hapa naingia kwenye Ramadhani, maana maswali yake huwa mengi kuliko yote. Kumeza kidonge mchana kunafunguza, hilo halina utata. Sasa mgonjwa wa 1x3 anataka kufunga, anafanya nini? Anameza Magharibi, anameza saa 5 usiku, anameza daku. Kwa huku kwetu Tanga, hapo dozi tatu zimebanana ndani ya kama saa 10, kisha mchana mzima wa zaidi ya saa 13 mwili hauna dawa. Huyo amejidhulumu mara mbili: hakutibika vizuri, na anajiona ana imani kubwa kuliko waliofuturu.

Usifanye hivyo. Kabla hujaondoka kwa daktari mwambie, "Daktari, nimefunga." Mara nyingi ipo njia: kwa baadhi ya maradhi anaweza kukubadilishia ile ya gramu 1 ya kila saa 12, ukameza futari na daku. Huo ni uamuzi wake, si wako wala wangu. Akikwambia hapana, ugonjwa huu unataka kila saa 8, basi FUTURU. Allah (s.w.t.) katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ameiweka Yeye, anayeijua miili aliyoiumba. Nimeona wazee wanaona haya kula mbele ya wajukuu, wanaacha dawa. Mzee wangu, kula ndani, meza dawa yako, ukipona utalipa siku zako. Na nyinyi mnaowatazama wagonjwa kwa jicho la "huyu mbona anakula", mcheni Allah.

Kwa watoto, dawa ya maji. Hii inauzwa ikiwa unga ndani ya chupa. Inachanganywa na maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama, kisha ikishachanganywa inakaa kwenye friji na kutupwa baada ya siku zilizoandikwa, nyingi ni siku 7, nyingine 10. Ile ya mwezi uliopita iliyobaki nyuma ya jagi la maji kwenye friji, IMWAGE. Kama huna friji, mwambie mfamasia kabla hujaondoka dukani, akuelekeze, usione aibu. Tikisa chupa kila unapompa. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kijiko kilichokuja na dawa, maana vijiko vya chai vya nyumbani kila kimoja kina tumbo lake. Na dozi ya mtoto inafuata uzito wake. Zipo chupa za 228 na zipo za 457 katika kila mililita 5, zinafanana sura kama mapacha, moja ina nguvu mara mbili ya nyingine. Ukiazima chupa ya jirani ukampa mwanao "kijiko kimoja kama yule", hujui umempa nini.

Na hili la unyevu, watu wa pwani lituhusu hasa. Asidi ya klavulani inaharibiwa na unyevu. Vidonge vyake viache kwenye pakiti yake mpaka dakika ya kumeza. Usivitoe vyote ukavifunga kwenye karatasi, usivitie kwenye kopo la zamani la vitamini, na mama zangu, usivifunge kwenye pindo la khanga ukaingia navyo jikoni. Kidonge kitabaki na umbo lake, lakini yule mlinzi wa ndani atakuwa ameshaharibika.

Tumbo kulainika kidogo, kichefuchefu, fangasi mdomoni au sehemu za siri, haya hutokea kwa wengi. Usiache dawa kwa hayo, mwambie mtoa huduma akusaidie. Lakini yako mambo ukiyaona UNAACHA na unakwenda hospitali, hapo usiniambie Sheikh alisema tumalize dozi. Kuvimba uso, midomo au koo, kupumua kwa shida, vipele vya kuwasha mwili mzima, ngozi kutoka malengelenge na kubambuka, vidonda machoni na mdomoni. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi; hili la ini linaweza kuchelewa, likaja hata wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa, na linawapata zaidi wanaume na wazee, kwa hiyo mtajie daktari kwamba ulitumia dawa hii. Na kuharisha maji mengi au damu, hata kama umeshamaliza dozi. Hapo usijinunulie dawa ya kufunga tumbo, inaweza kuzidisha tatizo.

Neno "maliza dozi" nalo tulielewe. Maana yake ni maliza ILE ULIYOANDIKIWA. Madaktari siku hizi kwa baadhi ya magonjwa wanaandika siku 5 ambapo zamani waliandika 10, kwa sababu uchunguzi umeonyesha zinatosha. Daktari akikuandikia siku 5, usiongeze zako mbili za "kujikinga". Na ukijiona umepona siku ya tatu na unadhani inatosha, mpigie au mrudie umuulize, usijikatie mwenyewe kama mume wa yule dada.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wenu mmeshaanza kuliandika chini huko: "Sheikh, umasikini." Naam. Silikwepi. Nimesimama nyuma ya kijana kwenye dirisha la duka moja la dawa, anasema "nipe Augmentin za elfu mbili". Muuzaji akachukua mkasi, akakata pakiti, akampa vidonge viwili. Hakuuliza cheti, hakuuliza mzio, na kile kipande alichopewa hakina hata tarehe ya kuisha. Hii ni dawa ya cheti, ndugu yangu muuza dawa. Ukiuza vidonge viwili kwa mtu anayehitaji vya siku 7, pato hilo liangalie vizuri kabla hujalipeleka kwa watoto wako.

Kwako wewe mnunuzi: pesa ikiwa haitoshi, ISEME. Mwambie daktari kabla hajaandika, mwambie mfamasia kabla hajafungua boksi. Yapo maradhi mengi ambayo amoksilini ya kawaida, ambayo ni rahisi zaidi, inatosha, na huhitaji hiyo ya dawa mbili. Daktari hawezi kukisia mfuko wako. Aibu ya dakika moja mbele yake ni nyepesi.

Na kwetu sisi wenye kutoa, hii ndiyo rai yangu, na nawaomba maimamu na kamati za misikiti muijadili. Badala ya kugawana mabaki, tulipe dozi kamili. Msikiti ukubaliane na duka moja la dawa lenye mfamasia mwaminifu. Mgonjwa asiye na uwezo aje na cheti chake, katibu akione, msikiti ulipe dawa yote iliyoandikwa, siyo nusu. Pesa hazipiti mkononi mwa mtu, na hakuna wa kusema zimeliwa. Tunachanga kwa ajili ya mazulia na vipaza sauti, na mazulia ni mazuri, lakini mzee anayekohoa juu ya zulia hilo ana haki pia. Akiwa ni fakiri au maskini, ameshaingia katika wanaostahiki zaka; namna ya kumkabidhi haki yake muulizeni mwanachuoni aliye karibu nanyi, kwa sababu wanachuoni wametofautiana kama inafaa kumlipia moja kwa moja au lazima akabidhiwe mwenyewe. Kwa fedha za sadaka ya kawaida, hilo halina tatizo.

Mwisho, kwa wale wenye mabaki nyumbani hivi sasa, kwenye droo, juu ya kabati, kwenye kopo. Usiyatupe chooni wala kwenye mtaro. Usiyafungue ukayachanganya kwenye maji ya kuku, najua wapo wanaofanya. Yakusanye, yapeleke kwenye duka la dawa lenye mfamasia au hospitali iliyo karibu, uwaulize wanayapokea na kuyateketeza vipi. Na dada yangu uliyeniandikia, nenda kwa jirani yako leo. Kama bado hajavimaliza, muulize alivyo, mwambie asimame asiendelee navyo, na umsindikize kwa daktari wa meno. Ukihitaji nauli ya bajaji, niandikie.